Mbaruku na Reli za Mezani

Mbaruku bin Kibwana hakuwa mtu wa kukata mkonge, na mkonge wenyewe ulilitambua hilo kabla yake. Alipotoka kwao Kwedizinga, kijana wa ndevu za kwanza, alijiandikisha kwenye shamba moja ng'ambo ya mto, akapewa kisu na mstari wake. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili, mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba kiasi kwamba alikula ugali kwa kijiko, na wenzake wakambandika jina la Bwana Shauri, kama mzungu wa serikali. Nyapara akamhurumia, au pengine alichoka kumwona akirudi na mafungu pungufu kila jioni. Akampeleka karakana awe mfagizi. Huko ndiko alikokutana na umeme.

Karakana ile ilikuwa na dainamo iliyozungushwa na injini ileile iliyoendesha korona ya kuchambua mkonge, na palikuwa na fundi mkuu, Mikaeli, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye pamoja na kazi zake nyingine alichaji betri za malori na za redio. Umeme wa dainamo ulikuwa mkali mno kwa betri. Ukiuelekeza huko moja kwa moja, betri inachemka kama sufuria. Kwa hiyo Mikaeli aliupitisha kwanza kwenye ubao uliopangwa globu za taa. Globu zinawaka, zinakula ule ukali, na kinachobaki kinaingia kwenye betri polepole na kwa adabu. Mbaruku aliacha ufagio ukutani akaziangalia zile globu, na siku ile sakafu ya karakana haikufagiwa.

Miaka ilipita. Akajifunza alichoweza kujifunza, akaoa Fatu, binti wa Kwamndolwa, akapata mtoto, Mwaija, kisha akaomba ruhusa akatoka shambani na kufungua kibanda chake Manundu, mjini Korogwe. Alinunua injini ndogo ya petroli iliyotumika, akapanga betri kwenye mbao, akawa ndiye anayezihuisha. Wenye redio walimjua, na wenye malori ya njia ya Handeni walimjua zaidi. Asubuhi Fatu alifungua mlango wa kibanda, akamwagia sakafu maji kidogo ili vumbi lilale, na mwenyewe akakaa nje na chupa ya chai akiwapokea wateja, kwa kuwa mumewe akishainama kwenye waya hakumsikia mtu.

Ni baba yake tu aliyekuwa hajaridhika. Mzee Kibwana alikuwa mkulima wa mahindi na kunde, na hakuona sababu ya mwanawe kuishi mjini akiwa na mashamba Kwedizinga. Alipoulizwa msikitini kijana wake anafanya kazi gani, alijibu hivi: "Kuna anayeuza mahindi, kuna anayeuza ng'ombe. Mbaruku anauza kitu ambacho mnunuzi akifika nacho nyumbani hawezi kumwonyesha mkewe." Maneno yale yalifika Manundu kabla ya jua kuchwa, maana malori ya Handeni hayabebi mahindi peke yake. Mbaruku alicheka, lakini baadaye Fatu alimwona akizifuta betri ambazo alikwisha kuzifuta asubuhi.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, watu wameanza kununua redio ili wasikilize habari za siasa, na biashara ya betri ilikuwa imenenepa. Ndipo rafiki yake Fabiani alipoingia kibandani na sanduku kichwani.

Fabiani alikuwa gadi wa treni. Baba yake alikuja Korogwe kutoka mbali, enzi za Mjerumani, kufanya kazi ya mkonge. Yeye mwenyewe alizaliwa kambini, akasoma misheni, akaingia reli. Alikuwa mrefu, mchangamfu, mwenye kupiga pasi sare yake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mikunjo ya suruali. Stesheni masta mmoja, Mgoa, alikuwa amestaafu na kurudi kwao, na katika kufunga mizigo alikuta sanduku la mwanawe ambaye alikuwa mtu mzima tayari. Akampa Fabiani.

"Fungua," Fabiani alisema, na hakungoja, akafungua mwenyewe.

Ndani mlikuwa na treni. Kichwa kimoja kikubwa cheusi, kichwa kingine kidogo cha kijani, mabehewa, na reli vipande vipande kama samaki wakavu. Mbaruku alikichukua kile kichwa cheusi, akakigeuza chali, akakuta mota ndogo kuliko kidole gumba chake.

"Inatembea kwa umeme," Fabiani alisema. "Umeme wa betri ya lori. Nimekuletea wewe kwa sababu mimi najua kuendesha treni kubwa tu, na hata hiyo naipepea bendera."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa na baada ya Mbaruku kuswali adhuhuri, walizipanga reli kwenye meza ya chakula nyumbani kwa Fabiani. Mkewe, Grasiana, alikuwa fundi wa kushona, na mezani palikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa mchumba. Aliwaomba wakitoe. Fabiani akasema treni haina miguu yenye matope. Mbaruku alikuwa ameazima betri iliyokuwa kibandani ikisubiri mwenyewe, betri ya lori la Isaka, dereva wa njia ya Handeni. Wakaunganisha waya mbili, moja kwa kila reli.

Treni ikatembea. Wanaume wawili wenye watoto walikaa wamepiga magoti sakafuni, videvu vyao usawa wa meza, wakaiangalia ikija na ikienda. Grasiana mwenyewe aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni. Kisha kwenye kona kichwa cheusi kikateleza, chuma cha tumbo lake kikalala juu ya reli zote mbili. Treni ikasimama. Kabla mtu hajasema neno, waya zikawa nyekundu, mpira wake ukayeyuka, na harufu ikajaa nyumba. Mbaruku alizivuta kwa kanga ya Grasiana. Zilipotoka, kitambaa cheupe kilikuwa na mistari miwili ya kahawia, imenyooka kama reli.

Grasiana hakupiga kelele. Alikikunja kile kitambaa, akakiweka kabatini, akasema, "Shemeji Mbaruku, karibu tena wakati wowote. Wewe na mke wako na mtoto wako. Lakini hicho kitu kitoke nyumbani kwangu."

Njiani, wakiwa wamebeba sanduku, Fabiani aliuliza kilichotokea.

"Shoti," Mbaruku alisema. "Reli hii umeme unakwenda, reli ile umeme unarudi. Katikati sharti upite ndani ya mota ya kichwa, ufanye kazi, ndipo urudi. Reli zikigusana kwa njia ya mkato, umeme wote wa betri unamwagika mara moja. Na betri ya lori haina huruma, inatoa mpaka kitu kiungue."

Fabiani alifikiri. "Kwa hiyo ni kama mimi na mama mkwe wangu. Tunaongea vizuri sana, lakini kwa kupitia kwa Grasiana."

"Ndiyo. Na siku mkikutana wawili peke yenu mlangoni?"

"Nyumba inaungua," Fabiani alisema, na wakacheka mpaka wakatua sanduku chini.

Ikawa hivyo basi: treni ikahamia kibandani, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye mapipa. Mbaruku alinunua waya mpya, na mahali umeme unapotokea betrini akaweka fyuzi, uzi mmoja mwembamba wa shaba alioutoa kwenye waya mbovu. Shoti ikipiga, uzi unakatika, umeme unakoma, hakuna kinachoungua. Ilikuwa njia sahihi kabisa na ilimchosha kupita kiasi. Treni ile iliteleza kila mara. Kipande cha msumari, kipini cha nywele, sarafu yenye tundu katikati, chochote kilichoangukia relini kilikata uzi, na kila ulipokatika Mbaruku aliingia chini ya mlango kwa magoti akafunga mwingine. Watu waliokuja kutazama waliona visigino vyake zaidi kuliko walivyoiona treni.

Siku moja alikwenda kuswali alasiri akamwacha Fabiani akiendesha. Uzi ukakatika, Fabiani akafunga mwingine. Ukakatika tena. Fabiani, ambaye reli ilimfundisha kwamba treni haichelewi bila sababu, akachukua kipande cha waya mnene kama njiti ya kiberiti akakifunga mahali pa uzi, akajisifu moyoni kwamba hiki hakikatiki ng'o.

Kweli hakikukatika. Mbaruku aliporudi aliona moshi unatoka kibandani, na Fatu yuko mlangoni akiwazuia watu wasiingie. Fabiani alikuwa ndani, sare yake imeingia masizi, ameshika waya zilizokatwa kwa kisu. Mota ya kichwa kidogo ilikuwa salama. Waya wote mpya ulikuwa umekwisha kuyeyuka, na betri ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika.

"Niliona uzi ule ni dhaifu," Fabiani alisema.

"Uliwekwa uwe dhaifu," Mbaruku alimjibu, taratibu, kwa kuwa alijua akipaza sauti hataishusha. "Ndiyo kazi yake. Unakufa wenyewe ili sisi tusife."

Isaka alifika jioni kuchukua betri yake aliyoileta tena kuchajiwa, nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha treni. Ilikuwa imekwisha kabisa. Alikuwa na abiria na mizigo ya kwenda Handeni, na lori halikuitika hata kwa kukohoa. Basi wakalisukuma: Mbaruku, Fabiani, abiria wanaume, na Fatu akiwa nyuma kabisa akitoa amri. Lilipowaka kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, Isaka alitoa kichwa dirishani. Alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, mwenye desturi ya kusema jambo baya kama anasoma bei ya sukari.

"Mkimaliza kucheza," alisema, "mniambie, ili niwe natafuta betri mahali pengine." Akaenda zake.

Kwa muda sanduku likakaa limefungwa. Fabiani hakuonekana kibandani. Alipita na baiskeli upande wa pili wa barabara, akisalimu kwa mkono, na Mbaruku akajibu kwa mkono. Fatu aliwatazama wote wawili, akaona upuuzi wa watu wazima, akaendelea kumimina chai, maana alijua kila jambo lina siku yake.

Siku yenyewe ililetwa na mambo mawili. La kwanza, ukumbi wa welfare, ule wa mikutano ya watu wa mji, ulitangaza maonyesho: wenye mifugo walete mifugo, wenye ususi walete ususi, mafundi walete kazi zao. La pili, Mzee Kibwana alituma salamu kwamba atakuja kuyaona hayo maonyesho, na kumwona mjukuu wake. Salamu alizileta Isaka, ambaye kumbe hakutafuta betri mahali pengine.

Mbaruku alifikiria amwonyeshe baba yake nini. Betri zilizopangwa kwenye mbao? Alikwisha kuziona safari iliyopita, akauliza kama ni majeneza ya paka. Asubuhi alikuwa akibadilisha globu ya taa ya mbele ya lori la Isaka, globu yenye nyuzi mbili ndani, mmoja wa taa kubwa na mmoja wa taa ndogo. Wa taa ndogo ulikuwa umekatika. Mwingine ulikuwa mzima. Isaka alitaka aitupe. Mbaruku aliishika ile globu mkononi akaiangalia, akaona ubao wa Mikaeli mbele ya macho yake, na globu zinakula ukali.

"Isaka," alisema, "unazo nyingine kama hii?"

"Za kutupa? Kila dereva anazo. Mnataka kuchoma nini safari hii?"

Mbaruku alichukua baiskeli akaenda moja kwa moja stesheni. Alimkuta Fabiani anakunywa chai kwenye benchi, akamwambia bila salamu ndefu, "Tumekosea wote wawili. Mimi niliweka kitu kinachokatika, wewe ukaweka kisichokatika. Njoo uone."

Jaribio lilikuwa fupi. Kati ya betri na reli aliiweka ile globu ya lori, umeme usipite ila ndani yake. Treni ilitembea, na globu haikuwaka, ila ukiitazama sana ungeona uzi wake umepata wekundu kidogo, kama umeona haya, kwa sababu mota ile inakunywa umeme mdogo. Kisha Mbaruku akachukua kijiko akakilaza juu ya reli zote mbili. Fabiani aliruka nyuma. Waya hazikuwa nyekundu wala hapakutoka moshi. Globu tu ikawaka, nyeupe, ikajaza kibanda mwanga. Umeme wote uliokuwa unataka kuunguza waya ulikuwa umeingia kwenye taa. Akaondoa kijiko. Globu ikazima, na treni ikaendelea na safari yake kana kwamba ilikuwa imesimama kupisha ng'ombe.

Fabiani alikichukua kijiko akakilaza mwenyewe. Akakiondoa, akakilaza tena. "Hakuna wa kuingia chini ya mlango," alisema.

"Hakuna."

"Na inakwambia yenyewe kwamba kuna shoti."

"Inakwambia. Na tukigawa reli vipande, kila kipande na globu yake, itatuambia pia shoti iko wapi."

Toka hapo hawakuachana. Waligawa njia yao sehemu nne, kila sehemu imetengwa na mwenzake kwa pengo dogo mahali reli zinapoungana, nayo ina waya wake na globu yake. Fabiani akazipa majina: Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo. Globu nne zilipangwa kwenye ubao mbele ya meza, na chini ya kila moja Fabiani akaandika jina kwa chokaa, kwa herufi za stesheni. Jambo likawa limebaki moja tu, nalo lilikuwa sura ya nchi, kwa sababu huwezi kuwaonyesha watu Tanga na Mombo juu ya mbao tupu. Fabiani alikwenda nyumbani akamwomba Grasiana radhi kwa mara nyingine, akamwambia habari ya globu, akamwomba aje ajaribu kijiko kwa mkono wake.

Grasiana alikuja. Alilaza kijiko, akatazama taa, akagusa waya kwa ncha ya kidole, akakuta ni baridi. "Laiti hii ningeipata Jumapili ile," alisema, na kesho yake akaleta vitambaa. Alishona milima ya Usambara kwa kaniki aliyoipaka rangi ya kijani, mto Pangani kwa satini ya bluu iliyobaki kwenye gauni la arusi ya mtu, na barabara ya Handeni kwa utepe wa khaki uliovuka reli upande wa Korogwe. Fatu alimsaidia kukata miti kwa magunzi ya mahindi. Wanawake wale walikuwa wakisalimiana tu miaka yote. Walipomaliza kazi ile walikuwa wanaitana wifi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Isaka alimshusha Mzee Kibwana mlangoni kabisa, akiwa amevaa kanzu nyeupe na koti, na fimbo ambayo hakuihitaji. Mbaruku alitoka kumpokea.

"Shikamoo, tate," alisema, kwa neno la kwao la kumwita baba.

"Marahaba. Nyumbani wote wazima. Wapi mjukuu wangu?"

Mwaija alikuja akapiga magoti, akasalimu, akamshika babu yake mkono akampeleka kiti cha mbele. Mzee alikaa. Aliitazama milima, akautazama mto, akauliza barabara ile ya khaki inakwenda wapi. Akaambiwa Handeni. Akatikisa kichwa, akasema imenyooka kuliko ile anayoijua yeye.

Fabiani, amevaa sare, alipuliza filimbi akapepea bendera ya kijani. Kichwa cheusi kikaondoka Tanga kikivuta mabehewa yake, kikapita Muheza, kikaingia Korogwe, kikafika barabara ya Handeni, kikasimama. Globu ya Korogwe ikawaka.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu waliona jambo la akili sana: treni imesimama njia panda ili watu wapite, na taa imewaka kuwaonya. Mbaruku alijua si hivyo. Alikiinua kile kichwa cheusi kwa vidole, globu ikazima. Akakitua ng'ambo ya barabara, kikaenda. Kikazunguka Mombo na kurudi, kikafika barabarani, kikasimama, taa ikawaka. Makofi tena.

Mbaruku alifuta magurudumu kwa kitambaa. Akapuliza vumbi. Akapitisha kidole relini, hapakuwa na msumari wala kipini. Mzunguko wa tatu ukawa vilevile, na sasa makofi yalikuwa machache, na mtu mmoja nyuma akauliza treni hii inasubiri nani. Mzee Kibwana aliegemea mbele na mikono juu ya fimbo.

"Tuzime?" Fabiani alinong'ona.

Mbaruku aliutazama ubao. Globu tatu zilikuwa zimelala. Moja tu inawaka. Hapo moyo wake ukatulia. "Kwa nini tuzime? Sehemu tatu ni nzima. Weka kichwa cha kijani kifanye kazi Tanga na Muheza. Mimi naingia Korogwe."

Kichwa kidogo kikaanza kwenda na kurudi upande ule, na watoto wakahamia huko. Mbaruku aliwageukia wazee wa mbele, akaona ni heri kusema kweli. "Jamani, taa hii inatuambia kuna reli mbili zimegusana hapa Korogwe, mahali fulani. Bila taa hii, saa hizi meza ingekuwa inawaka moto. Nipeni muda kidogo niitafute." Akakipitisha kichwa kidogo kwenye barabara ya Handeni mara moja kujaribu, nacho kikapita bila shida. Akakirudisha cheusi, kikasimama. Kwa hiyo kosa lilikuwa pale pale barabarani, na lilimchagua mkubwa tu. Akakilaza kichwa cheusi ubavuni, akaona tumbo lake liko chini zaidi, linakwaruza utepe wa khaki kila linapopita.

"Linagusa kitambaa," alisema peke yake. "Lakini kitambaa hakipitishi umeme."

Grasiana alikuwa amesimama ukutani na Fatu. Alisogea taratibu, mkono mdomoni. "Shemeji," alisema, "kitambaa hakipitishi. Lakini pini je?"

Mbaruku akamtazama.

"Uzi wa khaki uliniishia," Grasiana alisema. "Nikakishika kwa pini, ndani ya pindo, katikati ya reli. Nilisema nitaitoa nikipata uzi, nikasahau."

Alifunua pindo mwenyewe, akachomoa pini. Ilikuwa imelala kwa kukingama, kichwa chake kinagusa reli hii na ncha yake imebakiza unywele kufikia reli ile. Kichwa cheusi kikipita, tumbo lake lilisukuma kitambaa, pini ikafika ng'ambo.

Aliinyanyua juu watu wote waione. Ndipo Mzee Kibwana akasema kwa sauti yake ya msikitini, "Basi nimeelewa. Shida yote ya treni imetoka barabara ya Handeni."

Ukumbi ulicheka kicheko cha watu wanaoijua barabara ile. Isaka, aliyekuwa mlangoni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alilazimika kutoka nje. Grasiana alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake na uzi mweusi, akashona ile barabara mbele ya watu wote huku kichwa cha kijani kikizunguka Muheza. Alipokata uzi kwa meno, Fabiani akapuliza filimbi, na treni kubwa ikavuka barabara ya Handeni bila kuomba ruhusa. Safari hii makofi yalikuwa ya haki.

Mzee Kibwana alikaa kiti kile mpaka ukumbi ukabaki na watu wachache. Alimwita mwanawe.

"Hii pini," alisema, "ungeijuaje bila ile taa?"

"Nisingejua, tate. Ningeona moshi tu."

"Na ile taa ni ya lori?"

"Ya lori la Isaka. Nusu yake ilikwisha kuungua. Alitaka kuitupa."

Mzee alitafakari. "Nilikuwa nasema unauza kitu kisichoonekana," alisema mwishowe. "Leo nimekiona. Kinawaka." Kisha akaomba maji ya kunywa, na kwa tabia ya mzee yule, hilo lilikuwa hotuba ndefu.

Walikula wote nyumbani kwa Mbaruku, wali na mbuzi, Fabiani na Grasiana na watoto wao, na Isaka aliyekuja kwa kisingizio cha kuulizia betri akaambiwa akae chini. Fatu alisimulia jinsi walivyolisukuma lori lake, akaigiza jinsi kila mwanamume alivyosukuma, na kila mmoja alisema haikuwa hivyo.

Asubuhi Mzee Kibwana aliamka mapema, akaoga, akavaa koti. Fatu alidhani anataka kurudi Kwedizinga. Kumbe alikuwa na swali. Katika maisha yake yote alikuwa amekuja Korogwe mara nyingi, akaisikia treni, akaiona ikipita kwa mbali, lakini hakuwahi kuipanda, maana alikotaka kwenda miguu ilikuwa inafika. Sasa alitaka kujua kama ile kubwa nayo inafika Mombo kama ile ya mezani.

"Inafika," Mbaruku alisema. "Fabiani yuko zamu leo."

Alifunga kibanda, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya kazi. Walikwenda stesheni watatu, mzee na mwanawe na Mwaija katikati. Treni ilipoingia, mzee aliisikia ardhi ikitetemeka miguuni, akashika mkono wa mjukuu wake kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Walipanda daraja la tatu, wakapata kiti cha dirishani. Fabiani alipita kwenye behewa akiwa na uso wa kazi, akagusa kofia yake, akasema, "Mzee, tutasimama njiani, lakini si kwa pini."

Mikonge ikaanza kupita dirishani, mistari kwa mistari, na nyuma yake milima, mirefu na ya bluu, si ya kaniki. Mzee Kibwana alifungua koti akaweka fimbo chini ya kiti. Kisha akamwuliza mwanawe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, betri ya redio hukaa muda gani kabla ya kuhitaji kuchajiwa, na kama redio yenyewe inaweza kusafiri salama kwenye lori la Isaka hadi Kwedizinga.